Sarafu ya Sita Kwenye Pindo la Pazia

Mtaani walimwita Fundi Kesho, wala hakuona haya. Ukimpelekea saa mbovu, aliipokea kwa mikono miwili, akaipindua mara tatu, kisha akasema, "Njoo kesho." Kesho yake ilikuwa na miguu mirefu. Jambo moja tu halikungoja: sarafu zilizokataliwa.

Zamani za vita, jeshi la kigeni lilipouteka mji na kuushikilia miaka mitatu, kamanda wake aliamuru sarafu mpya zibuniwe. Mchongaji wa kiwanda cha sarafu alimpelekea mifano sita ya zinki, kila mmoja na mchoro wake, na yote sita ikakataliwa. Ng'ombe alikuwa amekonda mno. Raia wangesema hiyo ndiyo serikali. Mnara ulikuwa umeinama. Wa sita alikuwa ndege aliyempa kamanda mgongo.

Fundi Kesho alikuwa amekusanya mitano kati ya hiyo, ndani ya kasha lenye vishimo sita alivyovichonga mwenyewe. Kishimo cha sita kilikaa kitupu miaka kumi na tisa, kikimkenulia kama pengo la jino.

Jumapili moja alimsindikiza mkewe kwa mama yake. Kama kawaida, alikusudia kukaa dakika tano. Upepo ukavuma, pazia likagonga ukuta: ting, ting, ting, tap.

Akainua kichwa. Shaba hulia; zinki hugugumia, na masikio yake yalikuwa yamesikiliza vyuma miaka arobaini.

"Mama, pindoni umeshonea nini?"

"Visarafu vya zamani, pazia lisipeperuke. Kimoja alikileta marehemu baba yenu. Alikuwa mfagiaji pale kiwandani, akaambiwa akitupe tanuruni. Akasema, maskini ndege, kosa lake nini?"

Fundi alipiga magoti, akapapasa pindo. Kidole chake kikakuta mkia, kisha bawa.

"Mama, nakuomba hiki."

Mama mkwe aliendelea kukunja nguo zake. "Ile saa yangu ya ukutani, mkwe, uliahidi kuitengeneza lini?"

"Kesho," mkewe akadakia. "Kesho ya miaka kumi na moja iliyopita."

"Basi ikigonga sawasawa, nakata uzi. Nikikupa leo, nitakuona tena lini?"

Fundi akaiangua saa, akaifungua mezani. Ilipotimia saa kamili, ikagonga mara kumi na saba. Mama mkwe alihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia.

"Hapo ni saa ngapi, mkwe wangu?"

"Kes..." alianza, akajiuma ulimi.

Kesho yake alirudi kweli. Gurudumu moja lilikuwa limelika jino. Akakaa kulichonga jipya, akala chakula cha mchana, akasikia habari za mfagiaji tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu saa iligonga bila kosa. Mama mkwe akamngojesha saa nyingine mbili, kuhakikisha, ndipo akachukua mkasi. Fundi alikuwa amekwisha kuandaa kipande cha shaba cha uzito uleule, akakishonea mwenyewe pindoni.

Ndege akaingia kishimoni, mgongo juu.

Jumapili iliyofuata fundi ndiye aliyetangulia kuvaa viatu. Mama mkwe alimkuta mlangoni, kasha kwapani.

"Saa imepona, sarafu unayo. Umefuata nini tena?"

"Shikamoo, mama. Nimemleta ndege akusalimie."

"Marahaba. Ingieni nyote wawili."