Kibuyu cha Asali Kabla ya Hukumu

Mjomba alimpiga rungu mrina asali mwenzake kule msitu wa Mgori, wakigombea mzinga mmoja. Mwenzake akafa. Shtaka lilianza kuwa la mauaji, ambalo mwisho wake ni kitanzi. Baadaye likashushwa kuwa kuua bila kukusudia, mjomba akakiri. Ikabaki jaji apime miaka. Sheria inaruhusu hata maisha, na mama alitaka kaka yake arudi yeye mama akiwa bado ana macho ya kumwona.

Mwanasheria wa ukoo nilikuwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zangu ndefu kuliko za mkuu wa shule, na kitabu cha Uraia nilikisoma mpaka kikaomba kupumzika.

Siku moja kabla ya hukumu, asubuhi, mjane wa marehemu akafika kwetu Utemini na kibuyu cha asali. Tangu msiba nyumba hizi mbili hazijala pamoja. Kwetu, kula cha mwenzako ndiyo kusema yameisha.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Onjeni basi."

Mama hakunyoosha kidole. "Tumeshiba, dada."

"Asubuhi hii?"

"Tulikula mapema."

Mama alihofia sumu. Mimi nikamnong'oneza kwamba ni mtego: kesho atamwambia jaji tulimwita tumrubuni. Kati yetu wawili tulikuwa na ushahidi wa kujaza lori, wote wa kichwani. Mjane akaweka kibuyu mlangoni, akaondoka.

Mahakamani, wakili wa mjomba akaomba apunguziwe: amekiri, ni kosa lake la kwanza, amekaa mahabusu miaka mitatu, na familia zimepatana. Jaji akainua kichwa, akamuuliza mjane kama ni kweli.

"Nilipeleka asali," alisema. "Hawakuilamba."

Jaji akaandika. Kalamu ile niliisikia ikinguruma kama trekta. Akasema kukiri ameona, mahabusu ameihesabu, rungu la kichwani nalo amelipima, upatanisho hajauona. Miaka kumi. Mjomba hakumtazama jaji. Alitutazama sisi.

Tuliporudi, kibuyu kilikuwa palepale. Sisimizi walijipanga kutoka kizingitini mpaka Nduguti, wilaya nyingine kabisa, wanaingia na kutoka, wote wazima. Mama aliwatazama. Akachovya kidole, akalamba, akanisogezea.

"Lamba," alisema. "Kesho tunampelekea kibuyu chake. Hakirudi kitupu."