Kichwa cha Bibi Harusi, Asubuhi Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tandale. Genoveva Apolinari, mwenye umri wa miaka 48, ameketi kwenye kigoda barazani kwake. Mteja wake, Yustina, amekaa mkekani katikati ya magoti yake, kichwa kakiinamisha. Mkono wa kulia unagawa nywele kwa mkia wa kitana. Kidole cha kushoto kinafuata nyuma kuupapasa mstari, maana jicho la kulia la msusi huyu halioni tena.

“Fanya haraka mama Anje, mie nawahi sokoni,” Yustina anamtania.

“Tulia wewe! Mikono ninayo hadi saa nne tu.”

Wanacheka, lakini si utani mtupu. Ikifika saa nne mikono ya Genoveva huishiwa nguvu na kope humwangukia.

Zamani haikuwa hivyo. Mkesha wa Idi, mkesha wa Krismasi, baraza hii ilikuwa haipitiki. Chai ya tangawizi, umbea wa mtaa mzima, na Genoveva akisuka mtindo wa twende kilioni kichwa baada ya kichwa mpaka kunakucha. Akizisimulia siku hizo sauti inalainika, na vidole vinasimama bila mwenyewe kujua.

“Nilikuwaga mwepesi, mwanangu. Mtu anaanza umbea, kabla hajaumaliza kashasukwa.”

Kope zilipoanza kumlegea, miaka sita iliyopita, walionuna ni wateja. Walidhani anawalegezea macho waume zao wanapokuja kuwachukua. Wengine wakahama baraza.

“Nililia. Mie na macho yangu ya usingizi, nimtege nani?”

Hospitalini aliambiwa kinga ya mwili wake, badala ya kumlinda, inakata mawasiliano kati ya neva na misuli. Akapewa vidonge, mikono ikarudi, na mikeka ikatandikwa tena.

Kwa hiyo jicho lilipoanza kuuma na kufifia, miguu nayo ikafa ganzi, hakushtuka. Aliona ni ugonjwa wake ule ule. Akajilaza kungoja asubuhi, kama alivyozoea. Alipofika kwa daktari jicho lilikuwa limeshazimika. Huu ulikuwa ugonjwa wa pili: kinga ile ile sasa inashambulia mshipa wa fahamu wa jicho na uti wa mgongo. Kila mmoja ni adimu. Kuyakuta yote mawili kwa mtu mmoja, daktari alimwambia, ni nadra mno.

“Wamenikalia kama wake wenza,” anasema. “Ukimtuliza huyu, mwenzie ananuna.”

Jumamosi hii binti yake wa pekee, Anjelina, anaolewa. Tangu utotoni kichwa chake hakijaguswa na msusi mwingine, na Genoveva hataki hilo lianzie harusini. Mawifi wa Anjelina wamejitolea kulipia saluni, amewashukuru, akakataa. Ila mistari midogo midogo ya bibi harusi haimaliziki kwa mikono ya asubuhi moja. Mpango wake ni nusu Alhamisi, nusu Ijumaa.

Na Ijumaa akiamka mikono haina nguvu?

Genoveva anarudisha kitana kichwani mwa Yustina. Machozi yanamlenga. Anayejibu ni Anjelina, anayefua nguo pembeni, bila hata kuinua kichwa.

“Naingia kanisani na nusu hiyo hiyo. Akiuliza mtu, namwambia huu upande kanisuka mama.”