Makopo ya Baba Mkwe

Mnanicheka kwa sababu nimeanza kujicheka mwenyewe, lakini ukweli ni kwamba miaka ile ya vijiji vya ujamaa kuna siku nilitimua mbio katikati ya mkutano wa kijiji nimefungwa kamba kiunoni, lango la mianzi linaburuzika nyuma yangu, na aibu ya siku ile mpaka leo nikiikumbuka uso unaniwaka moto.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo (hii ya kwetu hapa Tukuyu, si ile ya pwani, msije mkanipandisha hadhi bure). Baba yangu alikuwa fundi bati, kazi alifundishwa na jirani yetu mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani, na mimi nikakulia palepale kibandani nikikata makopo kwa mkasi wa bati, natengeneza koroboi, vipimio vya maziwa, vikunio vya mihogo, yaani kopo tupu kwangu halijawahi kuwa takataka. Nikaolewa na Ambakisye, kijiji kimoja cha njia ya Kisiba, nikaenda na mkasi wangu.

Sasa kwa Wanyakyusa, kwa wale msiojua, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Hakuna kusalimiana wala kutazamana, ukimsikia anakuja unaingia migombani mpaka apite. Zamani haikuwa taabu sana kwa sababu wazee walikaa kwao na vijana kwao, lakini tulipopangiwa viwanja kwa mstari kando ya barabara, Baba Mkwe akapata kiwanja kinachopakana na chetu, na kwa vile alikuwa amefiwa na mkewe, asubuhi na jioni alikuja kula kwetu. Mimi napika, wifi yangu Atupele anampelekea, kisha mimi natokea mlango wa nyuma. Nilichokijua kwake kilikuwa kikohozi na nyayo tu, hata sikujua kama ana ndevu.

Shida ilikuwa mvua. Mvua ya kwetu ikigonga bati husikii hata anayekuita kwa jina, sembuse kikohozi cha mzee, na siku moja nilimsikia akiwa tayari mlangoni, nikatoka mbio na sufuria ya uji, nikajimwagia mguu mzima. Nikasema basi, hapa panataka ufundi. Nikachukua makopo matatu ya mafuta ya kupikia, nikatia kokoto, nikayafunga jikoni kwenye kamba ya katani, kamba nikaipitisha juu ya kile kijiti cha duara kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha ili iteleze vizuri, nikaipeleka mpaka kwenye lango letu la mianzi. Mtu akisukuma lango, makopo yanalia huku kwangu. Baba Mkwe akaja, makopo yakalia, nikaweka mwiko chini taratibu, nikatoka kama mtu mwenye akili zake.

Wakamwana wenzangu wa mstari ule, ambao nao wakwe zao walikuwa wamepangwa karibu, wakaja kuomba na wao, nami kwa kiburi cha ufundi nikawatengenezea. Baada ya muda wazee wakianza kutembeleana asubuhi ni makopo mtaa mzima.

Hapo ndipo akaja Bwana Maendeleo. Alikuwa kijana wa Tanga, mpole, mwenye bidii, amehamishiwa kwetu hata mila zetu hajazijua, na alikuwa anatafuta vitu vya kujitegemea vya kuwaonyesha wageni wa wilayani. Akalisukuma lango langu, akasikia yanalia, akafurahi sana.

"Dada, hiki ni chombo cha kukamatia wezi, sivyo?"

Ningemjibu nini? Kwamba nimemfunga baba mkwe wangu kengele kama ng'ombe wa machungani? Niliona aibu, nikaona bora yaishe.

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja tu hilo.

Siku ya wageni tukakusanyika mbele ya ghala la kijiji. Bwana Maendeleo alikuwa amesimika lango la mianzi katikati ya uwanja (kusimika ni kulisifia tu, lilikuwa limeegeshwa kwenye miti miwili), na kwa vile jikoni hakukuwapo, akaniambia, "Dada, wewe ndiye utakuwa jikoni," akanifunga kiunoni ile kamba ya langoni na makopo yakaning'inia nyuma. Wazee walikaa kwenye viti vya mbele. Mimi nikajifunika kanga kichwani, nikawapa mgongo kama inavyotakiwa, nikamwachia yeye maneno.

Akaeleza vizuri, wageni wakatikisa vichwa, kisha nikamsikia anasema, "Mzee wangu, hebu inuka utusaidie, wewe utakuwa mwizi." Mzee gani, sikujua, wazee walikuwa wengi na huyo aliyeinuka hakukohoa. Nikasikia nyayo, lango likasukumwa, makopo yakalia kiunoni kwangu.

"Dada, geuka umkamate mwizi."

Nikageuka. (Nilivyolelewa mimi, mtu wa serikali akikuambia geuka, unageuka.) Mbele yangu, karibu kiasi cha kumshika mkono, alisimama Baba Mkwe, na ndiyo mara ya kwanza nikauona uso wake, na alikuwa na macho yaleyale ya Ambakisye.

Sikufikiri lolote, miguu ilishazoea kwamba makopo yakilia ni kuondoka, ikaondoka. Kamba ikakaza, lango likang'oka, likanifuata, na wakamwana wenzangu waliokaa nyuma, waliposikia makopo na kuniona natimka, nao wakainuka wakatimka kila mmoja na upande wake. Nyuma nikamsikia mgeni mmoja akiuliza kwa utulivu, "Sasa mwizi ni yupi?" na kijiji kizima kikaangua kicheko. Nikaingia migombani kujificha, lakini utajifichaje na makopo ya kokoto kiunoni, kila nikihema yanalia, hata watoto walijua nimelala chini ya mgomba gani.

Jioni Baba Mkwe hakuja kula. Atupele alirudi na sahani kama alivyoipeleka, akanipa habari za baba yake, "Tata anafunga mizigo. Anasema anarudi mahameni." Mahameni kulikuwa na kibanda kinachovuja na hakuna jirani, na mzee kifua chake mnakijua sasa. Ambakisye hakunigombeza, alitoka tu kwenda kumsaidia baba yake kufunga, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Asubuhi nikasikia kikohozi nje ya ukuta wa jikoni. Kwa kuwa hawezi kusema na mimi, alisema na Atupele, ila kwa sauti ya kunifikia.

"Atupele, mimi yale makopo nilijua ni ya nini tangu siku ya kwansa. Nikisukuma lango nasimama kidogo, ili mtu atoke bila kukimbia. Niliwaambia wasee wenzangu, mke wa Ambakisye ni wa mjini, lakini ananiheshimu mpaka amefanya chombo. Jana amesimama mbele ya watu, chombo kimekuwa cha mwisi, na mwisi ni mimi. Nitakaaje hapa?"

Nililia, jamani. Kitu nilichokionea aibu ndicho alichokuwa anajivunia, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya kwa neno moja. Nikamwambia Atupele, naye kwa sauti ya kumfikia, "Mwambie tata asiondoke, nitasema kweli palepale niliposemea uongo."

Mkutano uliofuata nikasimama mbele ya ghala, kanga kichwani, mgongo kwa wazee, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya wageni (nadhani walitegemea nikimbie tena). Nikasema, "Yale makopo si ya wezi. Niliyatengeneza kwa ajili ya baba mkwe wangu, ili akija nimpishe kwa heshima. Niliulizwa nikaona aibu kusema, na aibu hiyo ni yangu, si yake."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia nyuma yangu kikohozi, halafu ile sauti ambayo haikupaswa kunisemesha maisha yake yote ikanisemesha mimi, bila kupitia kwa mtu.

"Ndaga fijo, mwanangu."

Sikugeuka, maana safari hii nilijua ni nani. Nilisimama hivyohivyo nikimrudishia asante yake kimoyomoyo, machozi yananitiririka ndani ya kanga, na jioni ile alikuja kula, akamaliza, akaomba aongezwe.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kitu changu ni cha nini namwambia, hata kama jibu lenyewe litanichekesha mbele za watu, kwa sababu huwezi kujua ni nani amekaa pale anategemea useme kwamba ni kwa ajili yake. Na kamba kiunoni sifungwi tena, hata waje wageni wa wilaya nzima.