Kamishna wa Kirua na Mkungu wa Mchare

Nakumbuka Jumapili moja niliporudi Kirua kutoka Moshi mjini nikitembea kwa mwendo usio wangu. Nilikuwa nimetazama sinema ya Kiitaliano ya polisi na majambazi, ya tano au ya sita mwaka ule, maana vijana wote tulizipenda. Maneno hatukuyaelewa sana, lakini kamishna tulimwelewa: koti la ngozi, masharubu, hasira. Wakubwa wake humzuia, naye huwafuata wahalifu peke yake, na hakosei kamwe.

Kesho yake nikakuta mkungu mkubwa wa ndizi za mchare umekatwa kihambani kwetu, shambani karibu na nyumba. Mama alikuwa ameshuka sokoni. Mwanangu, niliona kesi yangu imekuja. Nikafuata matone ya utomvu kijiani mpaka uani kwa jirani yetu, Mama Anande, mjane mpole. Mkungu ulikuwa umeegemezwa ukutani, na kanga ya Mama Anande ilikuwa na madoa ya utomvu. Nilitaka ushahidi gani tena? Nikamwita mwizi mbele ya wanawake waliokuja kumwona mkwe wake, aliyekuwa amejifungua juzi.

Hakufoka. Aliniambia tu, "Kamuulize mama yako."

Nikacheka. Katika sinema zile kila jambazi humwelekeza kamishna kwa mtu mwingine.

Mama aliporudi nikamsimulia kwa mbwembwe. Akatua kikapu polepole. Kwetu kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama, na mkungu ule alikuwa ameutoa yeye mwenyewe asubuhi, mzazi apikiwe mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

"Umefuata utomvu mpaka kwa watu," akasema, "ukashindwa kunisubiri nirudi sokoni?"

Niliona aibu, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto.

Asubuhi iliyofuata mama akanikatia jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa hukubali kusamehe, akanituma peke yangu. Mama Anande alilipokea. Kisha akawaita wanawake walewale, akataka niseme tena mbele yao kwamba yeye si mwizi. Nikasema. Ndipo akanipa bakuli la mtori wa mkungu uleule, nikaumaliza wote.

Tangu siku ile watu wakaniita Kamishna, na jina hilo limenibakia. Hata mtoto aliyezaliwa siku zile, sasa mama mtu mzima, huniamkia "Shikamoo, Kamishna," nami huitikia marahaba kwa furaha.

Sinema zile bado nazipenda. Wajukuu hunitafutia kwenye simu. Lakini, mwanangu, kamishna yule ana mtunzi anayehakikisha hakosei. Wewe huna. Kabla hujalitupa jina la mtu kwenye kundi la simu, uliza, kuuliza si ujinga. Na ukishakosea, usiende kuomba radhi kichochoroni. Iombe mbele ya walewale waliokusikia ukitukana.

Mungu akujalie macho makali na subira ya kuuliza kwanza, akupe majirani wenye moyo wa Mama Anande, na mtori usikauke chunguni mwako.