Maradhi Niliyoyaita

Nilipokuwa mtoto, neno "naumwa" halikusemwa ovyo nyumbani kwetu, mtaa wa Kuze. Bibi, mama yake baba, aliamini kwamba maradhi yana masikio. Ukilalamika kichwa nawe huumwi, alikukazia macho mpaka uifute kauli yako na kusema "ni salama" mara tatu. Sisi watoto tulicheka akishatupa kisogo. Leo sicheki.

Baba alikuwa akifanya kazi Uarabuni, tukimwona mara moja kwa mwaka. Mama alikuwa karani wa duka moja huko Ganjoni. Alitoka asubuhi na kurudi magharibi. Aliyeibeba nyumba ile alikuwa Khala Rukia, mdogo wake mama, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa kwetu kutoka Vanga baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyekanda mahamri, aliyekuna nazi, aliyepandisha ndoo za maji kwenye ngazi zetu nyembamba za mawe. Hamri la kwanza kutoka mafutani alinipa mimi, na Bibi akijifanya haoni.

Nami nilikuwa na miaka kumi na hofu moja: maalim wetu wa chuoni, tulikosoma Kurani, na fimbo yake ya henzirani. Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kusoma kwa moyo sura ambayo sikuwa nimehifadhi hata nusu yake. Asubuhi hiyo nilijikunja kitandani nikasema tumbo laniuma.

"Wapi?" Bibi akauliza.

Niliweka mkono palipokuwa karibu: chini ya kitovu, upande wa kulia.

Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda akanigusa paji la uso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maimuna, kama waumwa, Mungu akuponye. Kama huumwi, sema sasa hivi, kabla sijatia ubani chetezoni. Maradhi yakiitwa kwa uongo huja kwa kweli. Na yakishafika mlangoni hayaulizi aliyeyaita ni nani."

Nilifumba macho nikasema, "Laniuma, Bibi."

Basi nikawa mgonjwa. Nilihamishiwa kitanda cha Bibi, karibu na dirisha. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenifokea; hata kaka yangu, mgomvi kama alivyokuwa, alipita mlangoni kwa ncha za vidole. Khala Rukia alininywesha uji wa mchele kwa kijiko, akinifuta mdomo kwa ncha ya leso yake. Bibi alimwendea maalim yule yule niliyemkimbia aniandikie kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi ninywe asubuhi na jioni. Maji yale yalinishuka kooni kwa uzito, nikijua yaliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiumwa kweli.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomea uuguzi, mwalimu wetu alitufundisha kwamba ugonjwa si jambo la mwili peke yake, bali pia ni nafasi ambayo watu humpa mtu. Akishakubaliwa kuwa mgonjwa, husamehewa kazi zake, wala halaumiwi kwa kulala. Naye hupaswa atake kupona, na amtafute ajuaye tiba. Wenzangu waliandika. Mimi niliiweka kalamu chini. Nilikuwa nimekiona kitanda cha Bibi na dirisha lake, na yote niliyopewa pale. Sharti la kutaka kupona ndilo lililonishinda. Jumapili ilipita, Jumatatu ikaingia, na kila nilipofikiria henzirani niliugua upya.

Jumatatu hiyo asubuhi Khala Rukia aliniletea uji, lakini hakukaa kunilisha. Aliegemea ukuta. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na jasho lilimtoka ilhali jua lilikuwa bado halijapanda.

"Maimuna," alisema, "tumbo lako lilianzaje? Lilianzia kitovuni, kisha likashuka hapa?" Akajishika chini, upande wa kulia.

Mahali pale pale.

Sikupata kuogopa vile kabla ya siku ile, wala baada yake. Niliyasikia maneno ya Bibi yakizunguka chumbani. Nilikuwa nimeyaita, nayo yamekuja, yakakosea mtu.

"Sema, mwanangu. Lako ni hivi hivi?"

"Ndiyo," nikasema.

Alivuta pumzi, akatabasamu. "Basi ni hilo hilo. Wewe wapona, nami nitapona." Akachukua kikombe changu, akanywa kombe lililobaki ndani yake, akashuka jikoni akiwa ameinama.

Neno lile "ndiyo" nimelitafakari kuliko neno lolote nililowahi kutamka. Khala aliniuliza kama mtu anavyomwuliza mwenziwe aliyetangulia njia, nami nilimwambia njia i salama, na sikuwahi kuipita.

Mchana nilimsikia akimwambia Bibi jikoni, "Bibi, tumbo laniuma. Nahisi homa."

"Nawe pia?" Bibi akasema. "Tena wapi?"

Sikuona alipoonyesha, lakini nilisikia Bibi akicheka kwa hasira. "Hapo hapo pa mtoto! Rukia, mtoto akilala ni mtoto. Wewe mtu mzima wamwiga? Mkilala nyote wawili, nyumba hii ataishika nani?"

"Siigi, Bibi."

"Kanywe maji ya tangawizi. Wali haujapikwa."

Akapika wali. Mama aliporudi jioni, Khala alimwambia amechoka tu; nadhani aliona haya kuitwa mwigaji mara ya pili. Nami niligeukia ukutani. Nilijua kwamba sentensi moja kutoka kwangu ingemtoa jikoni na kumlaza mahali nilipolala mimi. Kila nilipofungua kinywa niliona kwanza henzirani, kisha macho ya Bibi. Nikajiambia nitasema kesho.

Jumanne, baada ya adhuhuri, nilisikia ndoo ikibingirika ngazini. Ililia jiwe kwa jiwe mpaka chini. Nilitoka mbio. Khala Rukia alikuwa amelala kwa ubavu katikati ya ngazi, magoti yamemgusa kifua, maji yakimtiririkia chini. Hakuwa akilia. Alikuwa akihema kwa pumzi fupi fupi, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Bibi alikuwa amesimama ngazi ya juu yake.

"Inuka, Rukia. Majirani wasikia."

"Bibi," nikasema, "mimi siumwi."

Hakunisikia, au hakutaka. Nikapiga kelele: "Siumwi! Sikuumwa hata siku moja! Nilimwogopa maalim. Khala haigi. Hapana cha kuiga!"

Bibi aligeuka akanitazama nikiwa nimesimama wima kwa miguu yangu, mzima. Sijapata kuona uso ukizeeka ghafla namna ile. Kisha akapiga magoti majini, yeye na miguu yake mibovu, akaweka kiganja juu ya tumbo la Khala. Lilikuwa limekakamaa kama ubao. Akautoa mkono polepole.

"Mwanangu," akamwambia. Lilikuwa neno alilolizoea kwetu, lakini kwa Khala Rukia nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Vijana wawili wa jirani walimkalisha kwenye kiti wakambeba hadi barabarani, kwa kuwa tuktuk haikuweza kuingia kichochoroni. Mama aliitwa kwa simu akatukuta hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari aliyemfanyia upasuaji, kijana wa kutoka bara mwenye sauti ya upole, alituambia amefanya aliloweza, lakini usaha umeenea. Kisha akaongeza, bila kumlaumu mtu, "Mngemleta jana."

Khala Rukia alifariki Alhamisi, kabla ya alasiri. Akazikwa siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu ya matanga Bibi aliniita chumbani akafunga mlango. Nilijua nitapigwa, na kwa kweli nilitamani nipigwe. Hakunigusa. "Ulilosema ngazini libaki ngazini," akasema. "Mama yako asilijue." Nikaitikia. Kwa miaka mingi niliamini alinisitiri mimi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoona kwamba tulikuwa wawili chini ya shuka moja. Mimi nilimnyima Khala kitanda. Yeye alimnyima jina la mgonjwa.

Tangu hapo Bibi hakusema tena "naumwa". Kisukari kilipomshika, alificha kidonda mguuni mpaka harufu ikamsaliti. Wakati huo nilikuwa muuguzi tayari, nikampigia makelele: kwa nini hukusema, Bibi? Akajibu kwa utulivu kabisa, "Sikuona haki yangu kulala." Alikataa kitanda cha dirishani hadi wiki ya mwisho, tulipomlaza akiwa hajitambui.

Watu wazima wenzangu huniuliza kama naamini maneno yale ya maradhi na masikio. Vitabu vyangu vinanieleza vizuri: kidole tumbo huziba, huvimba, hupasuka, na hakisikilizi uongo wa mtoto. Maumivu yale yangemfika Khala hata kama ningekuwa chuoni nikisoma sura yangu. Haya nawafundisha wanafunzi, na nayaamini. Lakini kwa nini pale pale, juma lile lile? Swali hili hunijia nikiwa peke yangu wodini, katikati ya mchana, nikitandika kitanda kilichoachwa wazi, nami hutandika haraka zaidi.

Ninalolijua kwa hakika ni dogo. Yule mgonjwa wa vitabuni hajilazi mwenyewe; lazima wengine wamwamini kwanza. Nyumbani kwetu imani hiyo ilikuwa imekwisha kutumika yote juu yangu.

Mama bado yuko Kuze. Akimtaja mdogo wake husema siku zake zilikuwa zimefika, kisha hujilaumu kwamba jioni ile ya Jumatatu hakumtazama usoni. Amejilaumu hivyo kwa miaka ishirini nami nikiketi mkabala naye, nikimmiminia kahawa. Bibi hayupo tena wa kunikataza. Ijumaa sina zamu. Nitakwenda baada ya swala, nitamwomba akae, na nitaanza na ile asubuhi ya Jumamosi.