Treni ya Saa Kumi

Kambu ya miaka ya themanini ilikuwa na mafundi wawili wa redio, na mmoja wao alikuwa mwongo wa kupindukia. Ukimpelekea redio yenye uzi uliokatika, angekuambia imeungua ndani kote, na wiki ijayo ungeikuta redio yako inauzwa sokoni Kikima. Musembi hakuwa huyo. Musembi wa Kiema alikuwa mtu wa kukuambia kilichoharibika na kisichoharibika, hata pale ukweli ulipomnyima kazi ya siku nzima. Ndiyo maana kisa chake kinauma. Angekuwa yule mwingine, mtu angekisimulia huku akicheka.

Ufundi aliupata kwa njia ya posta, miaka ya sitini, alipokuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge. Kila mwezi bahasha moja, somo moja, mtihani mmoja. Aliachana na mkonge, akajenga kando ya barabara kuu ya Mombasa nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa duka. Nyuma ya duka, ng'ambo ya ukuta wa mbao, ndipo alipolala binti yake wa pekee, Mbinya, ambaye yeye na mkewe Kasyoka walimpata baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja na kuombewa. Kanisani Musembi alikuwa mzee wa kanisa, ingawa wimbo aliojua kuuimba bila kupotea njia ulikuwa mmoja tu.

Mwaka 1984 Mmarekani mmoja aliyechimba visima huko Zombe alipita akirudi kwao, akamletea Mbinya zawadi, kwa kuwa Musembi alikuwa amemtengenezea kinasa sauti chake mara tatu. Ilikuwa treni ya kuchezea, na reli zake za kuunganisha zilizofanya duara juu ya meza. Treni yenyewe ilikula betri nne na ilikuwa na taa ndogo mbele. Haikuwa na waya. Uliiendesha kwa rimoti yenye eriali, ukiwa umesimama hata nje ya nyumba. Mbinya alikuwa na miaka minane. Alirudi kutoka shule saa kumi, akatupa mfuko, akawasha treni, na baba yake akaacha kazi ya watu mezani akaja kuwa dereva.

Pamoja na treni kulikuwa na karatasi, na Musembi, aliyekuwa na ugonjwa wa kusoma kila karatasi, aliisoma yote. Ilieleza kwamba rimoti ile ilirusha mawimbi ya megahezi ishirini na saba. Marekani mawimbi hayo ni ruhusa kwa mtoto yeyote. Ujerumani ni ruhusa, ila lazima chombo kiwe na mhuri wa posta ya kule, inayosimamia redio. Nchi fulani zilitaka leseni, nyingine zilikataza kabisa. Mwisho kuliandikwa kwamba mtu wa nchi isiyotajwa aiulize serikali yake. Kenya haikutajwa. Mtu mwingine angeitupa karatasi ile jikoni iwashie moto. Musembi aliandika barua Nairobi kuuliza.

Jibu lilikaa miezi minane. Lilipofika, Mbinya alikuwa amezikwa. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku mbili, Aprili ya 1985, Jumatatu akilalamika kichwa, Jumatano hayupo. Barua ilisema kwa lugha kavu ya ofisi kwamba masafa hayo hapa yamegawiwa huduma za afya, na kwamba chombo alichokitaja hakina kibali na kisitumike. Musembi aliikunja, akaitia katika daftari la masomo yake ya zamani. Nani angekitumia sasa?

Kasyoka hakuondoa treni mezani. Kila siku saa kumi aliingia chumba cha mtoto, akapangusa vumbi, akabonyeza swichi, taa ya mbele ikawaka, naye akaketi kitandani akiitazama mpaka giza lianze. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Mabega yalikonda, kanzu ya kanisani ikamning'inia. Musembi alimletea betri mpya kila zilipokwisha, kwa sababu hakujua cha kumfanyia zaidi ya hicho. Jina la mtoto halikutajwa tena katika nyumba ile.

Halafu siku moja mwezi wa Septemba treni iliondoka.

Kasyoka hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa sauti ya chini, naye alipoingia aliikuta treni inazunguka, inasimama, inazunguka tena, na rimoti iko juu ya kabati imejaa vumbi, haina hata betri. Siku ya pili saa kumi ikatokea vilevile, na ya tatu.

"Ni yeye," Kasyoka alisema. "Ametoka shule."

Jioni hiyo alikula sahani nzima ya isyo, mahindi na maharagwe. Baada ya wiki mbili alianza kuimba akichambua pojo. Musembi aligundua pia kwamba kabla ya saa kumi mkewe humwaga uji kidogo pembeni mwa chumba, kama walivyofanya bibi zao kuwakaribisha maimu, roho za waliokwenda. Mke wa mzee wa kanisa! Angeitwa mbele ya baraza la kanisa, na mumewe pamoja naye. Musembi aliuona uji, akaukanyaga kwa bahati mbaya, akafuta kiatu, akarudi kazini.

Lakini fundi ni fundi. Hakuweza kulala na jambo bila kulifungua ndani. Alipeleka redio yake ya kupimia pale chumbani, akasikiliza, na saa kumi kamili akasikia sauti ya mtu: sista Waruguru wa dispensari, mama wa Nyeri aliyehamishiwa Kambu mwaka ule, akiita hospitali ya misheni na kusoma idadi ya wagonjwa. Dispensari ilikuwa hatua mia mbili nyuma ya nyumba. Ilikuwa imefungiwa redio mpya mwezi ule wa Septemba, katika masafa yaleyale ya kwenye barua. Kila sista alipobonyeza kusema, treni ilikwenda. Alipoachia kusikiliza, ilisimama.

Musembi alifurahi kwa dakika moja, furaha ya fundi. Kisha akasikia Kasyoka anaimba jikoni, na furaha ikamtoka. Aliamua kutomwambia. Huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza, na alijiambia kuwa kunyamaza si kusema uongo.

Mambo yakaenda hivyo mwaka mzima. Oktoba ya 1986 hospitali ilibadilisha ratiba: vituo vyote vitaita saa mbili asubuhi. Siku hiyo saa kumi treni haikwenda. Kasyoka aliketi mpaka giza. Siku ya pili haikwenda. Siku ya tatu aliacha kula, na siku ya tano Musembi alimkuta amepiga magoti mbele ya meza akiomba radhi, akimuuliza mtoto ni kosa gani ambalo mama amefanya. Maskini yule mwanamume alirudi dukani. Alitia betri mpya katika rimoti, na kwa kuwa alitaka kufanya kazi yake bila mashaka, akaiongezea nguvu kwa kipande alichokitoa kwenye redio kuukuu, ipenye ukuta. Saa kumi alisimama upande wake wa mbao, akabonyeza.

Alimsikia mkewe akilia. Kisha akamsikia akicheka.

Usidhani hakuwaza juu ya barua. Aliwaza sana. Ila hesabu yake ilikuwa hii: dispensari inazungumza saa mbili asubuhi, mimi nazungusha treni saa kumi, hatutakutana. Mtu aliyesomea mawimbi kwa bahasha sitini alijisahaulisha kwamba ugonjwa hausomi ratiba. Kila siku alimpa Kasyoka robo saa ya mtoto wake. Polepole, na hili ndilo lililomtisha, yeye mwenyewe alianza kumwona Mbinya. Alipofumba macho na kidole kikiwa kwenye rimoti, aliona mguu wake mwembamba ukining'inia kitandani na soksi ya shule iliyolegea. Alianza kuingoja saa kumi kuliko mkewe.

Sista Waruguru alikuja dukani Januari. Alisema redio yake ina tabia mbaya jioni.

"Fundi, hiyo kitu inakwaruza tu. Nikiita sisikii mtu. Ikifika saa kumi na robo inakuwa poa."

Musembi alikwenda, akafungua, akafunga, akamwambia ni kutu kwenye vichwa vya betri. Waruguru alimshukuru na kumpa chai. Aliinywa chai ile.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, Muthama, mtoto wa miaka minne wa Kalondu muuza ndizi, aliumwa na nyoka kwenye rundo la kuni. Walimfikisha dispensari saa kumi kasoro dakika chache. Dawa ya sumu haikuwako. Lakini Land Rover ya hospitali, yenye redio na sanduku la dawa, ilikuwa njiani ikitoka Mtito Andei, na Waruguru alijua, kwa sababu hospitali ilimwambia asubuhi redioni. Alibonyeza, akaita. Akasikia kukwaruza. Akaita tena na tena, kwa robo saa, na katika robo saa hiyo Land Rover ikapita Kambu mbele ya duka la Musembi, dereva hana habari. Musembi aliisikia ikipita. Alikuwa amefumba macho, kidole kikiwa kwenye rimoti. Walimpakia mtoto kwenye lori, akakata roho kabla ya Kibwezi.

Waruguru mwenyewe ndiye aliyemsimulia, siku ya maziko, bila kumlaumu, akisema pengine kutu imerudi. Musembi alimjibu kwamba ataangalia. Alirudi nyumbani, akatoa betri za rimoti, akazitupa chooni. Usiku ule na uliofuata alisikia gari lile likipita, likipita, hata barabara ilipokuwa tupu.

Siku iliyofuata maziko, saa kumi, treni haikwenda. Kasyoka alingoja. Hakulia safari hii. Alimwambia mumewe kwamba Mbinya amekwenda kumpokea mtoto wa Kalondu, kwa kuwa yule ni mdogo na hajui njia, na kwamba watarudi pamoja. Alisema hivyo akiwa anakatakata sukuma wiki, kama mtu anayezungumzia majirani. Musembi alitoka nje akashika ukuta.

Siku ya tatu baada ya maziko Kasyoka alimleta Kalondu nyumbani. Musembi alikuwa dukani, amekalia stuli, rimoti tupu iko mbele yake, na kupitia mbao akasikia kitanda kikilia walipoketi wote wawili. Akasikia uji ukimwagwa. Halafu sauti ya mkewe, laini, sauti aliyokuwa akimwimbia Mbinya alipokuwa mchanga.

"Kaa hapa, mwaitu, mama yangu. Wangu huja saa kumi. Leo atakuja na wako."

"Nikimwita atasikia?" Kalondu aliuliza.

"Atasikia. Mwite tu."

"Muthama," Kalondu alisema. Akangoja. "Muthama wa mama."

Kwenye rafu kulikuwa na betri mpya, pakiti nzima. Musembi alizitazama. Kubonyeza mara moja, kidogo tu, na wanawake wawili wangekula usiku huo. Aliinua mkono kweli, akagusa pakiti. Ng'ambo ya ukuta Kalondu aliita mara ya tatu, na safari hii alisema jina zima, la mtoto na la babu yake, kama anavyoitwa mtu aliye mbali sana. Musembi alichukua rimoti, akaziacha betri, akazunguka mlango wa nyuma.

Walimgeukia wote wawili. Kasyoka alitazama uso wake, akashusha macho mpaka kwenye kile alichokishika, na hakuyainua tena. Alielewa kabla ya neno lolote. Mkono wake ulikwenda kwenye treni, ukaizima taa, ukabaki juu yake.

"Mama Mbinya, ni mimi," Musembi alisema. "Ni mimi nilikuwa naiendesha."

Aliyesimama ni Kalondu, na khanga yake ya matanga ikamwanguka begani. Alimsogelea yule mzee wa kanisa, akashika mkono wenye rimoti kwa mikono yake miwili, kwa heshima kubwa, kama anavyoshikwa mtu wa kuombwa.

"Kama ni wewe huwa unawaleta, baba," alisema, "basi niletee Muthama. Hata kama ni mara moja."

Musembi alijaribu kuutoa mkono wake, akashindwa, akauacha. Akamwomba aketi. Alipoona haketi, aliketi yeye sakafuni mbele yake, akaanza kumweleza habari za Land Rover.