Jicho Zima la Mama

Nimechoka na macho ya mama yangu. Mungu anisamehe, lakini nimechoka. Sukari anayo tangu sijaolewa, na mimi ndiye wa kumshika mkono kila siku ya kliniki.

Siku ile tulitoka mtaani kwetu Bwiza kwa miguu, maana mafuta yalikuwa yameadimika mjini na mabasi hayaonekani. Kliniki walikuwa wameleta mashine ya kupiga picha ndani ya jicho. Picha inaingia kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe inasema kama sukari imeshaharibu mishipa. Mama akakaa, akaweka kidevu alipoonyeshwa, akaielekezea mashine jicho la kushoto, lile lenye ukungu. La kulia akaliziba kwa kiganja.

"Hii apana," akamwambia nesi. "Hii ndiyo nzima, ya kushonea. Mwanga yenu itaiharibu."

Lo! Tulimbembeleza, mimi na nesi, huku watu wa nyuma wakiguna. Mwishowe akaondoa mkono kwa hasira.

Jibu halikukawia. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, picha yake haikusomeka. Lile zima ndilo lililotoka na alama nyekundu ya hatari: mishipa inavuja damu ndani, aende haraka akachomwe kwa mwanga wa laser.

"Mashine imechanganya macho," Mama akasema, akajitanda mtandio wake, tukaondoka.

Nyumbani akachukua sindano, akatia uzi mara moja mbele ya pua yangu. "Unaona? Mutu kipofu anaweza hivi?"

Nesi alikuwa amenieleza kwamba ugonjwa huu hauumi, wala haukuzuii kuona, mpaka siku unapokuzuia. Haya, kamwambie hivyo mtu anayetunga uzi bila miwani.

Tena Idi ilikuwa inakaribia. Kwetu wanaume hawaendi kuswali na kanzu ya dukani. Shingo lazima itariziwe na Mama. Kanzu zilikuwa zimerundikana kitandani, za kaka zangu, za wajomba, hata za wakwe.

"Acha nimalize kwanza," akasema. "Kisha Idi kupita ntaenda kwenye unataka, wallahi."

Nikawapigia simu kaka zangu, nikawaomba mwaka huu waache, wamhurumie. Wote walikubali. Kila mmoja akasema wengine wasubiri, yake tu ndiyo imalizwe. Jamani! Nilitamani kuivunja ile simu. Nilikaa jikoni nikiwa hoi, nikamsikia Mama chumbani akihesabu vifungo.

Asubuhi moja, Idi haijafika, aliniita kutoka barazani alipokuwa akishona. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mutoto wangu, leta fagio. Kuna utando ya buibui hapa mbele. Tangu alfajiri naitoa na mukono, haitoke."

Nikatoka na fagio. Mkono wake ulikuwa unapangusa hewa tupu mbele ya jicho lile zima. Nililia kwanza, ndipo nikamwitikia.